Saa za Hewani, Saa za Benchi

Ukimuuliza Prof umbali wa kutoka Bukavu hadi mahali popote duniani, hakujibu kabla ya kunawa mikono. Alinawa polepole, kwa sabuni, akajifuta kwa taulo ambalo mwingine yeyote nyumbani hakuruhusiwa kuligusa, ndipo akaondoa kitambaa kilichofunika tufe lake la dunia. Tufe hilo lilikuwa na shimo katikati ya Pasifiki, pale lilipogonga ngazi za saruji. Juu yake alinyoosha uzi wa nailoni, ule wa wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, ambao alikuwa ameufunga mafundo. Kila fundo lilikuwa kilomita elfu moja. Aliuvuta uzi ukakaza, akahesabu kwa midomo bila sauti, kisha akatangaza: mafundo sita na kidogo. Ukitaka na muda wa ndege, alifumba macho, akagawanya kichwani, akakupa saa kama daktari anavyokupa dawa, bila kukutazama usoni.

Alifundisha jiografia katika shule ya sekondari maisha yake yote ya kazi. Alijua umbali wa viwanja vya ndege ambavyo sisi wengine hatuwezi hata kutamka majina yake, na hakuwa amepanda ndege hata mara moja. Binti yake wa pekee anaishi Montreal, mafundo kumi na moja na ushei kutoka nyumba ya Prof ya Nyalukemba, Bukavu. Kwa miaka mingi binti alimwita, na kwa miaka mingi baba alijibu kwamba atakuja. Kisha binti akazaa mtoto wa kike, na mtaa mzima ukaanza kuuliza swali moja: muzee huyu atamwona mjukuu wake, au atakufa akimpima kwa uzi?

Ninayeandika haya si mtu wa kusimuliwa safari. Mimi ni mtoto wa shamba la muhogo la Luvungi. Nilikwenda Ulaya bila mfadhili, nikaosha sahani mchana na kusoma jioni, nikarudi na diploma ya usafirishaji ambayo haikununuliwa na haikuombewa kwa mtu. Leo malori yangu yanapanda kutoka Uvira, na boti zangu zinakwenda Kalehe na kurudi. Nyumba yangu ina ghorofa, na roshani yake inatazama ziwa. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba ninapomsifu mtu katika habari za safari, nimempima kwanza.

Prof lakini aliniita Luvungi. Aliniita hivyo nilipokuwa mwanafunzi wake wa viatu vilivyotoboka, na anaendelea kuniita hivyo mbele ya wafanyakazi wangu. Nilipomletea diploma aione, aliisoma yote, akaigeuza akasoma na upande wa nyuma ambao haukuandikwa kitu, kisha akarudi kwenye mstari wa mahali pa kuzaliwa. Akaniambia niusome kwa sauti. Nikausoma. "Luvungi imefika mbali," akasema, akanirudishia karatasi yangu. Nimepongezwa na wakubwa wengi tangu siku hiyo. Hakuna pongezi niliyoikariri isipokuwa hiyo.

Darasani alikuwa mkali kupita kiasi, na sitaki kumpamba. Mwenzetu mmoja alipoandika kwamba Brussels iko juu ya Bukavu, alipewa sifuri. Aliposimama kulalamika kwamba kaskazini ni juu, Prof alimuuliza, juu ya nini? Akamwita mbele, akamwekea tufe mikononi, akamwamuru aligeuze huku na huku mpaka aonyeshe hiyo juu iko wapi. Yule kijana aligeuza mpaka kengele ikalia. "Ku dunia hakuna juu," Prof alikuwa akisema. "Kuna mbali tu." Sifuri ilibaki palepale.

Ramani ya ukutani aliichukia kama mtu anavyomchukia shemeji mwongo. Alisema ni ngozi ya chungwa iliyopigwa misumari ukutani, na chungwa lenyewe halimo. Siku moja aliingia katika ofisi ya kuuza tiketi, karibu na soko, akawataka waishushe ramani yao kubwa kwa sababu kisiwa cha barafu cha kaskazini kilionekana karibu kulingana na Afrika nzima. Msichana wa kaunta alimjibu kwa adabu kwamba wateja wanaipenda, papa, inapendezesha. Prof akasimama mlangoni na kuwaeleza wateja mmoja mmoja, kila aliyeingia, kwamba hapa wanauziwa safari na watu wasiojua Afrika ina ukubwa gani. Mwishowe waliishusha. Aliwapelekea kuku siku ya Noeli, na uadui ukaisha.

Alipenda kusifiwa, alivaa tai hata kwenda kununua mkaa, na kwenye harusi akipewa kipaza sauti ilibidi mpiga muziki amfunike kwa ngoma. Lakini mtu akiwa na hofu ya kweli, hakumwendea kwa hotuba.

Nakumbuka habari ya mama mmoja jirani. Kinshasa na Bukavu hazina saa moja. Kule jua linachelewa, na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kila mtoto wa shule hulijua jambo hili siku ya mtihani na hulisahau siku ya safari. Enzi hizo ndege zilikuwa bado zinashuka Kavumu, uwanja wetu wa Bukavu. Mama huyo alimsindikiza mumewe, ndege ikaruka saa tatu asubuhi, na jioni mume akasema kwa simu kwamba walifika Kinshasa saa nne. Mama akaweka kichwani: safari ni ya saa moja. Siku ya mume kurudi, ndege ilitoka Kinshasa saa tatu, naye akamtegemea awe nyumbani kabla ya saa sita. Saa sita ikapita. Simu ya mume ilikuwa imezimwa. Majirani wakaanza kuleta viti, na mmoja wa akina mama akaanzisha wimbo wa kanisa.

Prof alikuja na tai yake, akauliza nani amekufa. Wakamwambia ndege imepotea. Hakumfariji mama yule kwa maneno matamu. Alimvua saa ya mkononi, akaomba ya jirani, akaziweka mbili mezani, moja ya Kinshasa na moja ya Bukavu, akaanza kumpeleka mume hewani kidole kwa kidole. "Ndege haikupotea, maman," akasema. "Ni saa yako ndiyo ilipotea. Ndege iko na saa mbili zake, kwenda na kurudia, haibadilishe." Mama bado alikuwa akimtazama kwa macho yaliyojaa machozi pale mume alipoingia na begi lake, akaona viti, akasikia wimbo, akauliza kwa upole amefariki nani.

Baada ya hapo nyumba ya Prof haikukosa akina mama. Kwetu, mama wa msafiri hafagii chumba alichokuwa akilala msafiri mpaka ajue kwamba amefika. Ukifagia mapema, unamfagia yeye. Prof aliwacheka. Alisema ufagio hauna mabawa, na kwamba yeye Mkatoliki na mtu wa elimu hawezi kushiriki katika mambo hayo. Kisha alinawa mikono, akanyoosha uzi, akawapa saa ya kufagia.

Mafundo yake yakawa lugha ya mtaa. Ungewasikia akina mama kwenye foleni ya maji wakishindana. "Wa kwangu iko ku mafundo sita." "Sita ni nini? Wa kwangu iko Ostralia, uzi ya Prof ilikaribia kuisha." Aliyekuwa na mtoto Kigali alinyamaza. Mama yangu mdogo, niliyelelewa kwake, alikuwa na mafundo sita tu kwa ajili yangu, lakini alijua kuyatetea: alisema mafundo ya mwanawe yana diploma ndani.

Mimi nilipoondoka, Prof aliniambia mambo mawili. Kwanza, saa nane hewani. Pili, "Na benchi, Luvungi, weka siku nzima. Weye huna tonton, mujomba wa kukupitisha, ku uwanja wa ndege." Hizo ndizo alizoziita saa za benchi: saa za kungoja ndege nyingine, za kungoja mtu mwenye muhuri, za kuulizwa unakwenda kwa nani na utarudi lini. Alisema mzungu anasafiri kwa saa za hewani, na mtu wa Bukavu anasafiri kwa saa za benchi. Nimekaa kwenye mabenchi ya nchi tano, na naweza kuthibitisha kwamba hakuna chuo kinachofundisha jambo hilo vizuri kuliko alivyonifundisha yeye kwa sentensi mbili.

Lakini zamani hakuwa na saa za benchi. Zilikotoka alinieleza mwenyewe, mara moja tu, akinywa chai kwenye roshani yangu, akilitazama ziwa badala ya kunitazama mimi.

Siku binti yake aliposafiri, mkewe alikuwa bado hai. Asubuhi Prof alinyoosha uzi: mafundo kumi na moja na ushei, saa kumi na tatu hewani. Uzi ulikwenda moja kwa moja kutoka kwetu hadi Montreal, kwa sababu uzi hauna mahali pa kubadilisha ndege. Mkewe alisimama kwenye mlango wa chumba cha binti, ameshika ufagio. Ilipotimia saa aliyoihesabu, Prof alisema kwa fahari yote ya ualimu wake: "Fagia, maman. Amefika." Mama akafagia.

Simu haikulia. Haikulia saa iliyofuata wala ile ya baada yake. Binti alikuwa bado katika mji wa katikati ya safari, ameketi kwenye benchi, kwa sababu ya karatasi moja waliyotaka kuikagua upya. Alipiga simu siku ya pili, mzima, akicheka, bila kujua lolote. Ila kati ya ufagio na simu ile, mama yake alikaa sakafuni na takataka za chumba mbele yake, vumbi kidogo, nywele za kusuka, kifungo cha shati, akakataa mtu yeyote asizitoe nje.

Mkewe hakumlaumu. Angemlaumu, Prof aliniambia, wangegombana na yangeisha. Badala yake hakumuuliza tena saa ya ndege yoyote. Akitaka kujua mtoto wa ndugu yake atafika lini, alikwenda kuuliza kwa majirani, ambao nao walikuwa wameuliza kwa mumewe. Alifariki miaka michache baadaye, kwa ugonjwa wa kawaida, hajamwona tena binti yake.

Baada ya hapo watu waliendelea kumuuliza kwa nini haendi Montreal, naye alikuwa na jibu kwa kila mtu. Padri alijibiwa kwamba ni magoti. Walimu wenzake walijibiwa kwamba mwanajiografia anayehitaji kwenda kuona hajui kazi yake. Mimi niliulizwa nani atalinda tufe. Si kwamba alikuwa mwoga. Nimemwona kwenye boti ya Kalehe siku ya mawimbi, abiria wamelala wakitapika na kumwita Bikira Maria, yeye amesimama ameshika nguzo, akiwaeleza kina cha ziwa kwa mita, jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Lakini ndege ikipita juu ya mji, aliingia ndani ya nyumba mpaka sauti iishe.

Mwaka huu visa ilitoka. Binti alituma tiketi, akatuma na picha ya mtoto akiwa amevaa koti jekundu, tayari anasimama mwenyewe. Prof alikuja kwangu, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba kuazima nyundo kwamba huenda nikawa na nafasi ya kumsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Kamembe. Tangu ndege ziache kushuka Kavumu, sisi wa Bukavu tunavuka daraja la Ruzizi na kupandia upande wa pili. Nikaahirisha malori yangu yote.

Tulivuka kwa miguu, mimi nikibeba sanduku lake, yeye akitangulia na tai na kofia. Alijibu maswali ya mpakani polepole na kwa ukamilifu, mpaka askari wa upande wa pili akachoka akampigia muhuri. Uwanjani alikaa kwenye benchi la chuma karibu na dirisha. Nje kulikuwa na ndege moja ndogo ya kwenda Kigali. Aliitazama, akashusha macho, akaitazama tena. Kisha akachukua kofia yake aliyokuwa ameiweka pembeni, akaivaa.

"Luvungi," akasema, "minarudia nyumbani."

Nikamuuliza kama amesahau kitu.

"Apana. Minarudia tu."

Nilifanya kile ambacho mtu aliyesafiri hufanya. Nilimhesabia ndege nilizopanda, nikamweleza dhoruba niliyopita nayo juu ya jangwa nikiwa nimelala, nikamwambia kwamba barabara ya milimani ya Kamanyola, anayoipita kwenda kuzika jamaa zake, inatisha kuliko anga lote. Nilizungumza vizuri. Alinisikiliza kama alivyomsikiliza mwanafunzi anayejibu swali ambalo halikuulizwa.

"Weye unafikiri naogopa kuanguka," akasema nilipomaliza. "Mutu akianguka, kwake imekwisha. Mi naogopa ule mwenye kungoja. Binti yangu atasimama pale, mutoto ku mukono, saa itafika, mi siko. Itapita, mi siko. Ile saa naijua, Luvungi. Mama yake alikaa nayo chini mbele ya macho yangu."

Mwanamke mmoja aliyekuwa benchi la mbele aliacha kula karanga zake. Wakaanza kuita abiria wa Kigali. Nami, kwa diploma yangu yote, nilitafuta neno na nikalikuta moja tu.

"Basi mupe saa, Prof," nikasema. "Usimuachie saa ya tiketi. Mupe yako."

Akanyoosha mkono akitaka simu.

Kule ilikuwa bado alfajiri. Binti alipokea kwa sauti ya usingizi na hofu, akauliza kama kuna tatizo, na baba yake hakumjibu hilo. Alimwambia akae vizuri asikilize. Akaanza kumpa: hewani mpaka Kigali, kidogo sana. Benchi la Kigali. Hewani mpaka Ulaya. Benchi la Ulaya, refu, kwa maana mtu wa magoti hutembea polepole kutoka mlango hadi mlango. Hewani juu ya bahari. Kisha benchi la wenye mihuri wa Montreal, ambao watataka kujua muzee wa miaka hii anakuja kufanya nini, naye atawaeleza, na atawaeleza yote. Alijumlisha kichwani, macho amefumba, midomo ikicheza. Halafu juu ya jumla hiyo akaongeza nyingine, nene, bila kusema ni ya nini.

"Lakini papa," binti akasema, "tiketi inaonyesha utafika mapema, mbele ya hapo. Mbele sana."

"Tiketi haina magoti. Shika saa yangu. Mbele ya ile saa usiangalie mulango, usiangalie simu, pika, lala, chezesha mutoto. Unasikia? Mbele ya ile saa mi sijachelewa."

"Ndiyo, papa."

"Rudilia saa nimekupa."

Binti akairudia. Prof akanirudishia simu, akanyoosha tai, akasimama kwenye foleni nyuma ya yule mama wa karanga. Kwenye mlango aligeuka, nikadhani ananiaga, kumbe alikuwa anamwelekeza mfanyakazi wa uwanja kwamba ramani yao ya ukutani imepachikwa upande. Kisha akatoka nje kwenye jua, akapanda ngazi zile fupi akishika chuma kwa mikono miwili, kofia ikainama, akaingia.

Nilirudi Bukavu. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa nikingojwa. Mama yangu mdogo alingoja, wadogo zangu walingoja, nami nilifika nikiwa na masanduku. Sasa nilikaa kwenye roshani yangu na simu kwenye paja, nikijua saa zote alizozitaja, na kujua hakukunisaidia. Dereva wangu alipiga kuuliza juu ya mzigo wa saruji, nikamkaripia kwa kushika laini.

Simu ilipokuja, kesho yake, alikuwa binti, akicheka na kulia kwa pamoja. Aliniita tonton, ingawa ananizidi umri. Akasema alishika saa ya baba yake kama alivyoamriwa, akaenda uwanjani kwa wakati aliopewa, akamkuta Prof amekaa kwenye benchi la wasafiri, kofia magotini, ameshafika zamani. Ndege ilikuwa imetua kwa saa ya tiketi, na wenye mihuri hawakumuuliza mengi. Binti akamuuliza kwa nini hakumpigia aje haraka. Prof akajibu kwamba benchi alikuwa ameshalizoea.

Nikamwomba anipe muzee mwenyewe.

Sauti yake ilikuwa karibu kuliko nilivyotarajia. Hakunieleza mawingu wala bahari, hakuniambia kama alifumba macho hewani, na mimi sikuuliza. Nilimuuliza tu juu ya mjukuu.

"Ananikataa," akasema, na nikasikia kwamba anatabasamu. "Akiona tai analia, nikatoa tai, analia tena. Sasa ananyamaza. Iko pale ku kiti yake, ananiangalia. Kati yetu ni mukeka moya tu, Luvungi, na anakataa kuuvuka."

Nikamwambia amwite, ampe biskuti, amchukue kwa nguvu kidogo, watoto huzoea.

"Apana," akasema. "Sitamwita. Nitabakia hapa, mpaka akuje mwenyewe."